Tundu dogo kwenye moyo na majibu ya eko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karatasi ya majibu ya eko, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, huandikwa kwa Kiingereza kilichojaa vifupisho, na wengi huipokea wakiwa wamesimama koridoni huku daktari anaita mgonjwa mwingine. Kinachobaki kichwani ni neno moja: tundu. Neno hilo likiwa peke yake halina sababu ya kumtisha mtu wala kumtuliza. Kuna mambo manne ya kutafuta kwenye karatasi: tundu liko kwenye ukuta gani, lina milimita ngapi, damu inapita kuelekea upande gani, na moyo umeshabadilika kiasi gani kwa sababu yake. La nne ndilo zito kuliko yote.

Tundu liko wapi hasa?

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vya kulia hupokea damu iliyotumika mwilini na kuipeleka kwenye mapafu. Vya kushoto hupokea damu safi kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini. Kati ya kulia na kushoto kuna ukuta.

Tundu kwenye ukuta wa vyumba vya juu huandikwa ASD. Kwenye ukuta wa vyumba vya chini huandikwa VSD. PFO nayo iko juu, ila haihesabiwi kama tundu kamili, na ina swali lake hapa chini. PDA haiko kwenye ukuta wa moyo kabisa. Ni mrija unaounganisha mishipa miwili mikubwa nje ya moyo, ambao kwa kawaida hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa.

Ukisikia kwamba mtoto wa jirani “alizibwa tundu kwa dawa”, karibu kila mara huyo alikuwa na PDA na alizaliwa njiti. Hakuna dawa inayofunga ASD au VSD.

Kwa nini mtu azaliwe na tundu?

Moyo hujengeka katika wiki nane za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kama ni mjamzito. Kuta huota kutoka pande tofauti na kukutana katikati. Zisipokutana sawasawa, tundu linabaki. Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, kama 8 hadi 10 wana hitilafu fulani ya moyo, na VSD ndiyo inayoongoza.

Kwa wengi sababu haijulikani. Zinazojulikana ni pamoja na kisukari cha mama kisichodhibitiwa tangu mwanzo wa mimba, rubela, pombe, baadhi ya dawa za kifafa hasa valproeti, na hali za kurithi. Karibu nusu ya watoto wenye Down syndrome wana tatizo la moyo, kwa hiyo wote wanatakiwa kufanyiwa eko hata kama wanaonekana wazima. Kubeba ndoo, kupanda bodaboda, kugombana na mume au kula barafu havitoboi moyo wa mtoto. Tunaliandika hili kwa sababu kina mama hulaumiwa kwa mambo hayo kila siku.

PFO ni nini, na mbona daktari anasema nisijali?

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa safi anaipata kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo damu huyakwepa mapafu kwa kupita kwenye kijimlango kilicho kati ya vyumba vya juu, kutoka kulia kwenda kushoto. Akishazaliwa na kulia, mapafu hufunguka, shinikizo la upande wa kushoto hupanda, na ule mlango husukumwa ukajifunga. Baadaye hugandana na ukuta.

Kwa mtu mmoja kati ya kila wanne, haugandani. Unabaki umeegama tu, kama mlango uliorudishwa bila kitasa. Ukikohoa kwa nguvu, ukijikamua chooni au ukinyanyua gunia, shinikizo la kulia hupanda kwa sekunde chache na damu kidogo inaweza kupenya. Hiyo ndiyo PFO. Haiuchoshi moyo, haihitaji dawa, na mtu asiye na dalili hahitaji kufuatiliwa wala kuzibwa.

Wanaohitaji mazungumzo marefu na daktari ni wawili. Wa kwanza ni mtu wa miaka 18 hadi 60 aliyepata kiharusi, akapimwa presha, sukari, mishipa ya shingo na mapigo ya moyo, na chanzo kisionekane. Huyo kuziba PFO kunaweza kumpunguzia hatari ya kiharusi cha pili. Wa pili ni mzamiaji wa mitungi, kama wanaoongoza watalii Zanzibar, Mafia au Watamu. Anapopanda juu, vipovu vya gesi ya naitrojeni hutokea kwenye damu. Kwa kawaida mapafu huvichuja, lakini kwenye PFO vinaweza kuvuka na kwenda kwenye ubongo au uti wa mgongo. Mvuvi anayezama kwa pumzi yake hana shida hiyo kwa kiwango kile.

Eko ya mtoto wa siku tatu imeandika PFO. Nirudie lini?

Kwa mtoto mchanga hiyo ni hali ya kawaida. Wengine huandikiwa “PFO/small ASD” kwa sababu katika umri huo ni vigumu kuzitenganisha. Kama kila kitu kingine ni sawa, kipimo hurudiwa akifikisha mwaka mmoja hivi. Kurudia kila mwezi ni kupoteza nauli.

Nisaidieni kusoma ripoti mstari kwa mstari.

Tuchukue ripoti ya mfano, ya mtoto wa miaka minne ambaye namba ya juu ya presha yake ilisoma 95:

“Situs solitus, levocardia. 3 mm mid-muscular VSD, left to right shunt, PG 71 mmHg. Chambers not dilated. EF 66%. Trivial TR, Vmax 2.3 m/s. No PDA. No PH.”

Maneno ya mwanzo yanasema viungo vimekaa upande wake wa kawaida na moyo uko kushoto. Kisha linakuja tundu: milimita 3, ukuta wa vyumba vya chini, sehemu ya katikati yenye misuli. Damu inapita kutoka kushoto kwenda kulia, yaani damu safi kidogo inarudi tena mapafuni. Huo ndio uelekeo unaotarajiwa, na hauwezi kumfanya mtoto awe wa bluu.

PG 71 ndiyo inayotisha watu, na kwa kweli ndiyo habari njema kuliko zote kwenye karatasi hii. Ni tofauti ya shinikizo kati ya chumba cha chini cha kushoto na cha kulia. Mashine hupima kasi ya damu inayopita tunduni, hapa mita 4.2 kwa sekunde. Namba hiyo huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa 4. Unapata kama 71. Chukua presha ya mtoto, 95, toa 71: inabaki 24. Hilo ndilo shinikizo la chumba cha kulia, na ni la kawaida kabisa. Tundu ni jembamba kiasi kwamba kushoto na kulia bado kila upande unajitegemea.

Sasa angalia kama PG ingekuwa 16. Toa 16 kwenye 95, inabaki 79. Chumba cha kulia kingekuwa kinapiga kwa nguvu inayokaribia ya kushoto, na mapafu yangekuwa yanapokea kipigo hicho kila sekunde. Namba ndogo, tatizo kubwa. Isipokuwa kwa mtoto wa siku chache tu, ambaye shinikizo la mapafu bado liko juu kwa kawaida.

“TR” ni damu kidogo inayorudi nyuma kupitia valvu ya upande wa kulia. “Trivial” maana yake chembe tu, na watu wengi wazima wa afya wanayo. Kasi yake, 2.3, inatumika kuhakiki: 2.3 mara 2.3 mara 4 ni kama 21, ongeza 5 ya chumba cha juu, unapata 26. Njia mbili tofauti zimetoa 24 na 26. Zikikubaliana hivyo, ripoti inaaminika. Hapa, tofauti na PG, namba kubwa ndiyo mbaya: kwa mtu mzima, hadi 2.8 hakuna wasiwasi mkubwa, na zaidi ya 3.4 presha ya mapafu inashukiwa sana.

“Chambers not dilated” ni maneno matatu yenye thamani kuliko ripoti nzima. Vyumba havijapanuka, kwa hiyo damu ya ziada haijawa mzigo. “No PH” inasema hakuna presha ya juu kwenye mapafu.

EF 66%: si amefeli?

Hapana, huu si mtihani wa shule. EF ni sehemu ya damu iliyomo kwenye chumba cha chini cha kushoto inayotoka kwa pigo moja. Hakuna moyo unaotoa yote. Kwa mtu mzima kati ya 55 na 70 ni sawa. Chini ya 40 moyo umedhoofika. EF ya 58 leo na 63 mwakani si maendeleo, ni tofauti ya mkono wa mpimaji.

Tena EF nzuri haisemi lolote kuhusu tundu. Mtu mwenye ASD kubwa anaweza kuwa na EF ya 68 huku upande wake wa kulia umevimba, kwa sababu EF inapima kushoto.

Milimita ngapi ni dogo?

Kwa ASD ya katikati ya ukuta kwa mtoto mchanga, chini ya milimita 5 ni dogo na mengi hujifunga yenyewe katika miaka ya mwanzo. Ikizidi 8, uwezekano wa kujifunga ni mdogo sana. Zipo ASD nyingine, ya chini karibu na valvu na ya pembeni karibu na mshipa mkubwa unaoingia moyoni, ambazo hazijifungi hata zikiwa ndogo. Kwa hiyo usiishie kwenye milimita; uliza pia aina.

Kwa VSD, tundu hulinganishwa na mlango wa mshipa mkuu unaotoka moyoni. Likiwa chini ya theluthi moja ya upana wake ni dogo, likizidi theluthi mbili ni kubwa. Ndiyo maana milimita 5 kwa mtoto wa mwezi mmoja ni jambo la kushughulikiwa, na milimita 5 hizo hizo kwa kijana wa miaka 20 huenda zisiwe kitu. Za sehemu yenye misuli hujifunga zaidi, nyingi kabla ya miaka miwili, kwa sababu misuli inanenepa na kulibana. Za karibu na valvu hujifunga kwa shida zaidi.

Daktari alisikia mvumo mkubwa. Basi tundu ni kubwa?

Mara nyingi ni kinyume chake. Ziba mdomo wa bomba la maji kwa kidole ubakize upenyo mdogo, usikie linavyopiga kelele. Achia, maji yanatoka kimya. VSD ya milimita 2 inaweza kusikika kifua kizima, na kubwa isisikike sana.

Mvumo pia hutokea bila tundu lolote: homa, ujauzito, na upungufu wa damu, ikiwemo kwa watoto wenye selimundu. Kwa hiyo ukipelekwa eko, usishangae ukiombwa na kipimo cha wingi wa damu.

Alipozaliwa walimsikiliza wakasema mzima. Wiki ya sita wamesikia kitu. Nani alikosea?

Pengine hakuna aliyekosea. Siku za mwanzo mishipa ya mapafu bado imekaza, shinikizo la kulia liko juu, na damu haina sababu ya kukimbia tunduni. Mishipa ikilegea, kati ya wiki ya 2 na ya 8, ndipo damu huanza kupita kwa kasi na mvumo kusikika. Dalili za tundu kubwa nazo huanza wakati huo huo. Usiruke miadi ya kliniki ya wiki sita kwa kuwa mtoto “alishapimwa”.

Nitajuaje kwamba si dogo tena, yaani linamchosha mtoto?

Mwangalie anaponyonya. Kunyonya ndiyo kazi nzito ya mtoto mchanga, kama kupanda mlima kwa mtu mzima. Mtoto ambaye moyo umemlemea huanza kwa hamu, baada ya dakika mbili tatu anaachia ziwa kuvuta pumzi, jasho linamtoka kwenye paji la uso hata kukiwa na baridi, anarudi, anaachia tena, anasinzia kabla hajashiba. Titi moja linachukua zaidi ya nusu saa. Uzito unasimama kwenye kadi, wakati mtoto wa miezi ya mwanzo anatarajiwa kuongeza kama gramu 20 hadi 30 kwa siku.

Hesabu pumzi zake akiwa amelala, kwa dakika nzima. Usihesabu kwa sekunde 15 ukazidisha, kwa maana watoto hupumua kwa mafungu. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, au 50 na zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka, mpeleke hospitali. Ulimi au midomo ikigeuka bluu, akishindwa kunyonya kabisa, au akizimia, nenda saa hiyo hiyo. Kwa ngozi nyeusi tazama ulimi na ndani ya mdomo. Kucha na viganja hudanganya, hasa mtoto akipata baridi.

Jambo moja la kwetu: mtoto anayekohoa na asiyenenepa huishia kupelekwa kukatwa kimeo. Kimeo hakihusiki. Kukikata kunaleta damu nyingi na wadudu kwenye damu, na wadudu hao wakifika kwenye moyo wenye tundu wana mahali pa kujishikiza.

Je, kipimo chenyewe kinaweza kukosea?

Ndiyo, na mara nyingi kwa namna zinazojulikana. Katikati ya ukuta wa vyumba vya juu ni pembamba kama ngozi ya kitunguu. Mpimaji akitazama kutokea ncha ya moyo, mawimbi ya sauti hupita sambamba na ukuta huo badala ya kuugonga, na skrini huonyesha pengo ambalo halipo. Tundu la kweli linapaswa kuonekana pia kutokea chini ya mfupa wa kifua, na rangi ya mtiririko wa damu ionekane ikivuka.

Mtoto anayelia hubadilisha shinikizo na kuharibu picha. Na milimita hupimwa kwa kuweka alama mbili kwa mkono kwenye skrini, kwa hiyo 3 ya Mwanza na 4 ya Dar es Salaam ni tundu lile lile. Halijakua.

ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na eksirei ya kifua haziwezi kuondoa wala kuthibitisha tundu dogo. Zote zinaweza kuwa safi. Zinasaidia kuonyesha athari. ASD ya maana, kwa mfano, mara nyingi huacha alama ya umeme kuchelewa kidogo upande wa kulia, kwenye ECG huandikwa “incomplete RBBB”. Lakini alama hiyo iko pia kwa vijana wengi wasio na tundu lolote.

Nijiandaeje kwa eko?

Eko ya kawaida haihitaji kufunga. Kunywa dawa zako kama kawaida, vaa nguo inayofunguka mbele. Utalala ubavu wa kushoto, utapakwa jeli, na kazi huchukua dakika 20 hadi 45. Haina mionzi, haina sindano. Mtoto mnyonyeshe karibu na zamu yake ili asinzie, na uje na chupa ya ziada, simu yenye katuni, chochote kinachomtuliza. Akihitaji dawa ya usingizi utaambiwa muda wa kufunga. Kwa kawaida ni saa 2 kwa maji, 4 kwa maziwa ya mama, na 6 kwa maziwa mengine na chakula.

Kipimo cha vipovu ni kingine: mchanganyiko wa maji ya chumvi mililita 9 na hewa mililita 1 hutikiswa kati ya bomba mbili za sindano, kisha huchomwa kwenye mshipa wa mkono huku ukijikamua na kuachia. Vipovu vikitokea kushoto ndani ya mapigo matatu ya moyo, kuna upenyo kati ya vyumba vya juu. Vikichelewa, vinapitia mapafuni.

Eko ya kupitia kooni ndiyo yenye kufunga, saa 6, na ndiyo inayoona ukuta wa juu wa mtu mzima vizuri, kwa sababu mrija wa chakula umepita nyuma tu ya moyo.

Kama tundu ni dogo na moyo haujapanuka, mbona bado naitwa kliniki?

Kwa PFO, uko sahihi kuuliza. Kwa VSD ndogo ipo sababu. Zile zilizo chini kidogo ya valvu ya mshipa mkuu hurusha damu kwa kasi, na kasi hiyo hunyonya jani la valvu kuelekea tunduni, kama pazia linavyovutwa dirishani gari likikimbia. Miaka ikipita jani hulegea na valvu huanza kuvuja. Ajabu yake ni kwamba jani lenyewe linaweza kuziba tundu, ripoti ikasoma “limepungua” wakati valvu inaharibika. Kwa hiyo kwenye kila eko ya VSD ya aina hiyo tafuta neno AR, yaani kuvuja kwa valvu hiyo ya mshipa mkuu. Ikitoka “no AR” kwenda “mild AR”, hiyo ni hatua ya kujadiliwa, hata kama milimita zimeshuka.

VSD ya sehemu yenye misuli haina hatari hiyo. Kuonana na daktari kila mwaka mmoja hadi mitatu, kulingana na umri, kunatosha.

Meno yanahusianaje na moyo?

Bakteria wa fizi zilizooza huingia kwenye damu na wanaweza kuotea pale mkondo wa VSD unapogonga ukuta wa moyo. Kinga kubwa ni mswaki mara mbili kwa siku na daktari wa meno mara moja au mbili kwa mwaka. Antibiotiki kabla ya kung'oa jino zilikuwa zikipewa kila mwenye tundu. Mwongozo wa Marekani wa 2007 ulibadilisha hilo. Sasa ni kwa aliyezibwa kwa kifaa au kiraka ndani ya miezi 6 iliyopita, aliyebaki na uvujaji kando ya kiraka, aliyewahi kuugua maambukizi ya moyo, mwenye valvu ya bandia, na mwenye moyo wa bluu ambao haujarekebishwa. Dozi ya kawaida ni amoksisilini gramu 2 kwa mtu mzima, au miligramu 50 kwa kila kilo kwa mtoto, nusu saa hadi saa moja kabla. Mwenye aleji ya penisilini aseme mapema.

Homa inayodumu zaidi ya wiki, malaria haionekani, na una VSD: omba damu ioteshwe maabara kabla ya kumeza antibiotiki ya duka la dawa. Ukishameza, wadudu hujificha na kipimo hutoka safi.

Michezo, chanjo, ndege?

Tundu dogo, moyo haujapanuka, presha ya mapafu ni sawa: acheze mpira, akimbie, apande ndege. Chanjo zote apate kwa ratiba, hasa ya nimonia. Barua ya “asifanye michezo” inayoandikwa kwa kila mwenye tundu inamdhuru mtoto kuliko tundu lenyewe.

Na ujauzito?

ASD au VSD ndogo isiyo na presha ya mapafu haizuii mimba wala kuzaa kwa njia ya kawaida. Mwambie mkunga mapema, na uombe eko ya mtoto tumboni wiki ya 18 hadi 22, kwa sababu uwezekano wa mtoto kuwa na tatizo la moyo uko juu kidogo kuliko kwa wengine. Mwenye presha kubwa ya mapafu kutokana na tundu ambalo halikuzibwa ni suala jingine kabisa: mimba inaweza kumuua, na uzazi wa mpango upangwe na daktari wa moyo.

Lini huzibwa, na kwa njia gani?

ASD huzibwa pale upande wa kulia umepanuka na damu inayokwenda mapafuni ni mara moja na nusu au zaidi ya inayokwenda mwilini, kwenye ripoti huandikwa “Qp:Qs 1.5:1”. Kwa mtoto asiye na dalili husubiriwa hadi umri wa miaka 3 hadi 5 hivi. Wengine hugundulika wakiwa na miaka 40, wanapoanza kuhema ngazini au mapigo kwenda ovyo, na bado hufaidika. VSD kubwa haisubiri hivyo. Inatakiwa kuzibwa ndani ya mwaka wa kwanza, kwa sababu mishipa ya mapafu inayopigwa kwa nguvu hukakamaa, na ikishakakamaa damu hugeuza njia, mtoto anakuwa wa bluu, na hapo kuziba ni marufuku. Tundu limekuwa mlango wa dharura wa moyo wa kulia.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitia mshipa wa pajani kwenye mtambo wa Cathlab: mrija mwembamba hupandishwa hadi moyoni, na kifaa cha waya chenye visahani viwili hufunguliwa, kimoja kila upande wa ukuta. Kinahitaji ukingo wa kama milimita 5 kuzunguka tundu ili kishike. Tundu lisilo na ukingo haliwezi. Mgonjwa hukaa wodini siku moja au mbili, hutumia aspirini kwa kawaida miezi 6, na katika muda huo nyama ya moyo hukifunika kifaa. Waya wake una nikeli, kwa hiyo anayewashwa na hereni za bei rahisi aseme. Maumivu ya kifua au kuzimia baada ya kuwekewa, hata ikiwa ni miezi kadhaa baadaye, ni kurudi hospitali mara moja.

Ya pili ni kufungua kifua na kushona kiraka, moyo ukiwa umesimamishwa na mashine ikifanya kazi yake. Upasuaji wa kwanza wa aina hiyo uliofanikiwa kwa mashine ulifanywa na John Gibbon huko Philadelphia tarehe 6 Mei 1953, na alichoziba kilikuwa ASD ya binti wa miaka 18. Njia zote mbili sasa zinapatikana Afrika Mashariki, ikiwemo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala.

Nije na nini siku ya kliniki?

Ripoti zote za eko kuanzia ya kwanza, hata ile iliyochakaa. Picha zake kwenye CD au flashi kama walikupa. Kadi ya kliniki yenye mchoro wa uzito. Majina na dozi za dawa, au chupa zenyewe. Piga picha kila ripoti kwa simu siku unayoipokea, kwani karatasi za mashine hufifia zikikaa juani. Na usitoke chumbani kabla hujajibiwa haya: liko ukuta gani na ni la aina gani, vyumba vimepanuka au la, presha ya mapafu ikoje, nirudi lini, na dalili gani inirudishe kabla ya siku hiyo. Mwombe daktari aandike majibu nyuma ya ripoti, kwa Kiswahili.